Dada Pande Mbili Anakabidhi Leja

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa sita, mtunza hesabu wetu atafunga leja yake, atapangusa meza kwa kitambaa kama afanyavyo kila jioni, kisha atamkabidhi Bosi funguo za kabati. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili katika duka hili. Waliomtangulia kazini wote wameshastaafu au wametangulia mbele ya haki, na sisi tuliobaki tulimkuta. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mtunza stoo, na kati ya meza yangu na yake pana ukuta wa mbao usiozuia hata chafya. Pili, kila aliyeombwa kabla yangu alisema ana shughuli.

Kwa wageni wetu wa leo: duka letu linauza vyombo vya nyumbani, kwa jumla na kwa rejareja. Sufuria, ndoo, majiko, mashuka, vitambaa vya meza, vijiko vya kila ukubwa. Tunanunua kwa wasambazaji, mara kwa taslimu, mara kwa mkopo, na tunauza vivyo hivyo. Kazi ya mtunza hesabu ni kuhakikisha kwamba hakuna kijiko kinachoingia wala kutoka bila kuacha alama kwenye karatasi. Siku jambo linapotokea linaandikwa kwenye jarida. Kutoka jarida linahamishiwa kwenye leja, ambako kila mteja na kila msambazaji ana ukurasa wake. Mwisho wa mwezi unatolewa urari: jumla ya upande wa kushoto na jumla ya upande wa kulia lazima ziwe sawa. Zisipokuwa sawa, hakuna anayepiga soga dukani mpaka kosa lipatikane.

Jina lake la nyumbani wengi wetu tumelisahau. Sisi tunamwita Dada Pande Mbili. Asiyetujua akilisikia jina hilo atadhani tunamsema kuwa ni ndumilakuwili. La hasha! Wauzaji wa kaunta walimpa jina hilo kwa sababu ya swali lake moja. Ukimwambia, "Dada, nimetoa sufuria sita," atainua kalamu na kuuliza, "Na upande wa pili?" Maana yake ni kwamba sufuria haziendi hewani. Zimekwenda kwa nani, naye ametoa nini? Katika hesabu kila jambo huandikwa mara mbili, linakotoka na linakokwenda, na yeye aliichukua kanuni hiyo akaiingiza mpaka katika mambo ya watu.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Asubuhi moja nilikaa upande wangu wa ukuta nikilalamika kwamba mke wangu amenuna tangu jana bila sababu. Dada alinisikiliza, akanimiminia chai, akanipa pole. Jioni yake, bila kuniambia, akapita nyumbani kwangu kumsalimia wifi yake. Kesho yake akaniita.

"Kaka, upande wa pili nimeusikia. Nenda kanunue lile jiko uliloahidi tangu mvua za mwaka jana."

Nikanunua. Akaandika na ankara, kwa punguzo la wafanyakazi, na chakula kikaanza kuiva tena nyumbani kwangu.

Hakuja dukani akiwa mtunza hesabu. Alikuja akiwa mama mchanga, mume wake fundi wa baiskeli mwenye kibanda cha kuegemea ukuta wa watu, na kazi aliyopewa ilikuwa kufuta vumbi kwenye vyombo na kufunga mizigo ya wateja. Hesabu wakati huo zilikuwa mikononi mwa mzee mmoja mpole tuliyemwita Bwana Wino, kwa sababu hakuwa na shati lisilo na doa la buluu mfukoni. Siku moja mteja alirudisha sufuria yenye ufa. Dada akaipokea, akabaki ameishika, kisha akaenda nayo hadi ofisini.

"Hii sasa inaandikwa wapi, baba?"

"Kwenye jarida la bidhaa zilizorudishwa," Bwana Wino akajibu bila kuinua kichwa.

"Na mteja?"

"Deni lake linapungua."

"Na sufuria yenyewe?"

"Tunairudisha kwa aliyetuuzia."

"Basi na deni letu kwake linapungua?"

Bwana Wino akaweka kalamu chini. Akavuta kiti cha pili, akakifuta kwa kiganja, akasema, "Kaa hapa, mwanangu." Kiti hicho ndicho Dada amekalia mpaka leo, ingawa kimebadilishwa miguu na mgongo, na kwa kweli kilichobaki cha asili ni jina tu.

Akajiandikisha masomo ya jioni. Mtihani wa kwanza akaanguka, na hakuficha. Alikuja kazini akatangaza mwenyewe, "Nimeanguka. Msiniulize mmoja mmoja, nimewajibu wote." Akarudia, akapita. Bwana Wino alipostaafu, mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mzee, alimkabidhi madaftari yote. Hakumpa maelekezo marefu. Alimwambia, "Usiniletee aibu," akaenda kunywa chai.

Mzee alikuwa mfanyabiashara hodari, mwenye mkono mwepesi wa kutoa na ulimi mwepesi wa kuwaka. Alikuwa na tabia ya kupita kwenye rafu akielekea nyumbani, akachukua shuka moja, birika moja, bila kusema na mtu. Bwana Wino alikuwa akikohoa tu na kutazama dirishani. Dada alifungua ukurasa mpya kwenye leja, akaupa kichwa: Matumizi ya Mwenye Mali. Mzee alipouona, duka zima lilisikia.

"Duka ni langu! Unaniandika kama mwizi?"

"Mwizi huwa simwandiki, Mzee," akajibu kwa adabu. "Mwizi haagi."

Mzee akatoka, akarudi, akatoka tena. Mara ya tatu aliporudi alikuwa anacheka. Tangu siku hiyo akichukua kitu alikuwa anapaza sauti tangu mlangoni, "Niandike! Birika moja!"

Msidhani kwamba hakosei. Mwezi mmoja urari uligoma kabisa. Tulitembea kwa vidole, wauzaji wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni, na mimi nikahesabu stoo yangu upya. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa ameandika kushoto jambo lililopaswa kuandikwa kulia. Alipoligundua alitoka ofisini, akasimama katikati ya duka mbele yetu na mbele ya wateja, akasema, "Kosa ni langu. Yeyote niliyemtazama vibaya wiki hii aniwie radhi." Nami nilikuwa mmoja wa waliotazamwa. Nilisamehe kabla hajamaliza sentensi, maana alikuwa ameshika chupa za soda.

Lakini tukisimulia miaka yote hiyo tukaacha mwaka wa mafuriko, tutakuwa tumekula ganda tukatupa embe.

Mvua ilinyesha Jumapili kutwa, duka likiwa limefungwa, na mtaro wa nyuma ya maduka yetu ulikuwa umeziba kwa takataka. Jumatatu asubuhi tulipofungua mlango, maji ndiyo yaliyotoka kutupokea. Ndoo zilikuwa zinaelea, mashuka yamegeuka rangi ya matope. Ofisi iko chini kwa ngazi moja, kwa hiyo huko maji yalikuwa yamepanda zaidi, na kabati la mbao lililokuwa na madaftari lilikuwa limeanguka kifudifudi. Tulilinyanyua watu watatu. Jarida lilikuwa limeachana vipande. Leja ilikuwa imevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai, na kurasa zilizofunguka zilikuwa na wingu la buluu tu mahali palipokuwa na majina na tarakimu. Nakala za ankara zilikuwa zimeshikana zikawa tofali.

Dada aligeuza ndoo moja, akaikalia, akaiweka leja mapajani akaanza kuifungua ukurasa baada ya ukurasa kwa ncha za vidole. Nilimwona akifika mwisho, akaifunga, akaipigapiga kidogo kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza mtoto. Ndipo akalia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi mali yetu kubwa wakati ule haikuwa hata dukani. Mzee alikuwa amechukua mzigo mkubwa kwa mkopo kutoka kwa msambazaji, nasi tulikuwa tumeuza sehemu kubwa ya mzigo huo kwa mkopo pia. Tulikuwa tunadai watu wengi na tunadaiwa na wachache wenye sauti kubwa. Benki ilitupatia tena orodha ya fedha zilizoingia na kutoka, lakini benki haijui nani amechukua majiko manne na kuahidi kulipa baada ya mavuno. Tulikuwa wafanyakazi saba, na kila mmoja alikuwa na nyumba nyuma yake. Binti mkubwa wa Dada alikuwa ndiyo kwanza amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada yake ilitegemea mshahara wa mama.

Mzee alituita sote tukasimama kwenye matope. Sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililotutisha kuliko kelele zake.

"Wewe una kichwa," alimwambia Dada. "Kaa chini, kumbuka, andika. Usipokumbuka kiasi, kadiria, kisha ongeza kidogo. Atakayebisha tutampunguzia."

"Mzee, majina yote nayakumbuka. Kiasi sikikumbuki. Na nisichokijua siandiki."

"Kwa hiyo sisi tufe njaa ili kalamu yako ibaki safi?"

Dada alikuwa ameshika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili.

"Kila deni limeandikwa mara mbili, Mzee. Mara moja hapa, mara moja kwa yule aliyekopa. La hapa limeloa. La kwake halijaloa. Niache niwaulize."

"Umwulize mdaiwa anadaiwa kiasi gani?" Mzee akacheka kicheko kikavu. "Nani atakujibu?"

"Wapo watakaojibu."

"Na wasiojibu?"

"Hao nao tutawajua."

Mzee akasema anampa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo ataandika hesabu zake mwenyewe kwa makadirio, pamoja na karani mwingine, na Dada atafute pengine pa kufanyia kazi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, kama barua zitakwenda kwa wadaiwa peke yao.

"Na kwa wasambazaji," Dada akasema. "Lazima nao watuambie tunadaiwa nini."

Mzee akashika kichwa. "Hao? Hao ndio nilikuwa naomba wasahau!"

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Nimeibakiza kichwani kwa sababu nilisaidia kuinakili mara nyingi hata mkono ukakakamaa. "Ndugu mteja wetu, maji yameingia dukani na madaftari yetu yameharibika yote. Hatujui sasa unadaiwa nini, wala kama sisi ndio tunaodaiwa nawe. Tunaomba utuambie kwa mujibu wa karatasi zako, nasi tutaandika utakavyosema. Ahsante kwa kununua kwetu." Hapakuwa na kitisho wala tarehe ya mwisho. Mume wake alifunga kibanda chake, akapachika boksi la barua nyuma ya baiskeli, akazisambaza mji mzima bila kudai hata nauli ya jasho. Alipoulizwa na majirani kama mke wake amepata wazimu, alijibu kwamba wazimu wa mke wake anaujua tangu siku ya posa na haujawahi kumdhuru mtu.

Siku za mwanzo hakuja mtu. Tulikunja nguo tukaosha sufuria kwa mchanga na sabuni, Dada akiwa kati yetu, na kila kivuli kilichopita mlangoni kilimfanya ainue uso. Mzee alikaa juu ya kreti, akitazama barabara. Hakutukemea. Afadhali angetukemea.

Wa kwanza kuingia alikuwa mshona mapazia wa mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, amekumbatia kopo la biskuti. Akalifungua juu ya kaunta. Ndani yake zilikuwa ankara zetu zote, zimefungwa kwa uzi wa cherehani, kuanzia ya kwanza kabisa.

"Hesabu mwenyewe, mwanangu," akasema. "Mimi miwani nimeiacha."

Dada alihesabu, akamsomea jumla. Mshona mapazia akakubali kwa kichwa, kisha akasema, "Mwaka ule mashine yangu iliharibika, ulikuja ukaniongezea muda, ukazungumza nami pembeni, hukunipigia kelele mbele ya watu. Leo wewe umeloa, nami nikufiche?"

Kesho yake akaja mpishi wa shughuli, akaja mwalimu wa chekechea aliyechukua vikombe vya watoto, kisha akaja mzee mmoja mwembamba, fundi seremala, mwenye karatasi moja tu iliyokunjwa. Yeye hakuwa mdaiwa. Alikuwa ametulipa zaidi ya deni lake kabla ya mafuriko, na sisi ndio tuliokuwa na pesa yake. Dada aliisoma karatasi, akaona sahihi yake mwenyewe, akamwandika.

Mzee aliinuka kutoka kwenye kreti. "Tumefungua mlango waingie wa kulipa, anaingia mdai!"

"Huyu ndiye wa maana kuliko wote, Mzee," Dada akamjibu. "Wakisikia tumemwandika huyu, watajua kwamba hatuandiki upande wetu tu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Seremala yule alikwenda akakaa kijiweni kwake, akaanza kumsimulia kila mpita njia kwamba lile duka lililoloa limemkubalia pesa ambayo lingeweza kuikana. Mdomo wa seremala ulifika mbali kuliko baiskeli. Watu wakaanza kuja wawili wawili. Wengine walileta karatasi, wengine walileta kumbukumbu tu, wakabishana na wake zao pale pale kaunta kama walichukua mashuka matatu au manne. Dada alikuwa anasubiri wapatane, kisha anaandika.

Hawakuja wote. Mwenye hoteli moja, ambaye sote tulijua kwamba alikuwa na mzigo wetu mkubwa, hakujibu barua. Dada alimfuata, nami nikamsindikiza. Alitukaribisha vizuri, akatupa maji baridi.

"Nionyesheni daftari," akasema.

"Halipo," Dada akajibu.

"Basi na deni halipo."

Sahani aliyokuwa anaifuta wakati anasema hivyo ilikuwa ya kwetu. Nilitaka kusema neno, Dada akanigusa kiwiko. Akamshukuru kwa maji, tukaondoka. Njiani nilikuwa nafoka peke yangu. Yeye alisema tu, "Tuliomba waseme, naye amesema." Ukurasa wake ukafungwa kama deni lililopotea. Baadaye, duka liliposimama tena, mwenye hoteli yule alirudi kununua majiko, akaomba mkopo kama zamani. Dada alimtazama kwa upole wote duniani. "Kwako, baba, tumebakiwa na taslimu tu." Akalipa taslimu, na akaendelea kulipa taslimu miaka yote.

Aliyetutia hofu zaidi alikuwa msambazaji, mwanamke mwenye maghala matatu ambaye wafanyabiashara wazima walikuwa wanavuka barabara kumkwepa. Jina lake sokoni lilikuwa Mama wa Jumla. Siku aliyoshuka kwenye gari mbele ya duka letu, Mzee alinong'ona, "Amekuja kuchukua sufuria." Hakuchukua sufuria. Aliweka taarifa yake ya hesabu juu ya kaunta, akataka kiti, akaipitia na Dada mstari kwa mstari. Mahali pawili Dada aliuliza, na mahali pamoja kati ya hapo Mama wa Jumla aligundua kwamba karani wake alisahau kuondoa mzigo tuliourudisha. Akauondoa. Kisha akavua miwani.

"Nina wateja wengi waliopata maji," akasema. "Kila mmoja ananiambia amesahau. Ninyi peke yenu ndio mlioniandikia kuuliza mnadaiwa kiasi gani." Akamgeukia Mzee. "Mzigo mpya nitakuletea wiki ijayo. Huo wa zamani utalipa polepole."

Mzee, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, alisema "Ahsante" mara nyingi mfululizo kama mtoto aliyefundishwa neno jipya.

Mwisho wa mwezi ukafika. Dada alikaa na leja mpya, akajumlisha kushoto, akajumlisha kulia, sisi tukijifanya tunapanga rafu. Alituita. Akasoma jumla ya kwanza kwa sauti, akasoma ya pili, na zilikuwa sawa. Muuzaji mmoja akapiga kigelegele mpaka mteja akadhani kuna arusi. Mzee akaagiza soda za watu wote, akasema kwa madaha, "Andika, matumizi ya duka!"

"Umetununulia wewe, Mzee," Dada akajibu. "Toa mfukoni."

Akatoa. Mzee hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa maneno, na hakuomba. Lakini wiki ile ile alimwita fundi vyuma, akamwagiza kabati la chuma lenye miguu mirefu, na lilipoletwa alimkabidhi Dada funguo zote mbili, yeye asibakie na hata mmoja. Ada ya chuo ya yule binti ililipwa kabla haijadaiwa. Iliandikwa kwenye ukurasa wa Mwenye Mali, na aliyeuandika mstari huo ni Mzee mwenyewe, kwa mwandiko wake mbaya.

Muda mrefu baadaye nilimuuliza Dada kama siku zile za ukimya aliogopa. Alikuwa anachonga penseli. "Kaka, chakula kilikuwa hakipiti. Kazi ni kazi, ningepata nyingine. Nilichoogopa ni kwamba labda miaka yote ile nilikuwa naandika majina ya watu nisiowajua." Akapuliza vumbi la penseli. "Kumbe niliwajua."

Miaka iliyofuata imekuwa ya neema, tumshukuru Mungu. Mzee alipumzika, na binti yake, Bosi wetu wa sasa, akashika usukani. Ilipokuja kompyuta, tulitarajia vita. Hapakuwa na vita. Bosi alimfundisha jioni mbili tatu, na Dada akaipenda kwa sababu haichoki kujumlisha. Lalamiko lake ni moja tu: kwamba mashine hiyo inakubali kila unachoiambia bila kukutazama usoni. Mwenzetu mpya atakayeshika nafasi yake amefundishwa naye kwa vyombo halisi. Wameweka sufuria mezani, wakazihamisha huku na huku, mmoja akiwa mteja na mwingine msambazaji, wakabishana kuhusu punguzo mpaka wateja wa kweli wakataka kujiunga. Kikundi cha akiba cha wanawake wa mtaa wa washonaji nacho kinaandika hesabu zake kwa namna aliyowaonyesha, na mweka hazina wao ni yule yule mshona mapazia. Siku hizi anakumbuka miwani.

Nyumbani mambo yako sawa. Yule binti ni muuguzi, naye ni mama sasa. Mtoto wa pili ni fundi umeme, na wa mwisho bado anasoma. Shemeji yetu wa baiskeli ana karakana yake yenye mlango na kufuli, wala haegemei tena ukuta wa mtu. Tulipomuuliza Dada kama atafungua biashara, alikataa katakata. Amesema ameandika ununuzi wa watu wengine kiasi cha kutosha, sasa zamu yake ni kununua.

Na ameshaanza. Wiki iliyopita alizunguka akatokea mlango wa mbele kama mteja yeyote, mkoba begani, akasimama kaunta akaomba aonyeshwe sufuria kubwa yenye mfuniko, ya kupikia familia nzima. Muuzaji wetu akataja bei. Dada akataja ya chini. Muuzaji akaapa kwamba duka litapata hasara. Maskini, alisahau anazungumza na nani. Mteja huyu alikuwa anajua bei tuliyonunulia, gharama ya kuisafirisha, na faida iliyopangwa, na alizitaja zote kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Muuzaji akasalimu amri. Dada akalipa, akadai risiti, akaisoma mstari kwa mstari, akaikunja akaitia mkobani. Kisha akaipachika sufuria kiunoni, akatuaga kwa kichwa, akatoka nayo kwa madaha kupitia mlango ule ule wa wateja.

Kwa niaba ya Bosi, ya wafanyakazi wote na ya mke wangu, ambaye amesisitiza atajwe, tunakushukuru, Dada yetu. Umetulindia hesabu, umetulindia na heshima. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono kila mwisho wa mwezi, na siku nyingi nzuri pamoja na shemeji na wajukuu. Sufuria hiyo ikianza kuchemka, tuite. Tutakuja na sahani zetu wenyewe.